Mutoto anachora meli: tusipasule karatasi yake

Wasomaji wetu, baba na mama wa ku kambi na wa ku kartiye, leo hatutasema juu ya bei ya shaba, wala juu ya salere yenye kuchelewa. Tutasema juu ya kaye moja. Ni kaye ya hesabu ya mutoto wa kwetu, miaka 13, mwana wa mutumishi wa mugodi. Tuliifungua ili tuangalie kama ameandika lesoni. Kurasa sita za kwanza, sawa. Kuanzia ukurasa wa saba mpaka mwisho, meli. Meli moja tu, lakini kubwa: etaji 18, pisini kule juu, sinema, uwanja wa mupira, madirisha yamechorwa moja moja kwa lati. Jina lake limeandikwa mbele kwa biki nyekundu: Malkia wa Kolwezi.

Baba yake alikasirika. «Minervali ninalipa, kaye ninalipa, na weye unachora bato? Bahari uliiona wapi?»

Mutoto akajibu pole pole: «Papa, sikuionaka.»

Baba akapasua kurasa mbili. Na sisi wengine tuliokuwa pale tulicheka. Kolwezi na bahari! Kutoka hapa mpaka Lobito ni zaidi ya kilometa 1,500. Tulicheka mpaka mutoto akatoka inje. Njo hii kucheka kwetu inatusukuma kuandika leo, juu tunaona kama tulikosa.

Kwanza, ule mutoto hayuko peke yake, na kichwa chake kiko sawa. Ulaya, Marekani na kwingine, kuko watu wengi wenye kuchora meli zao wenyewe za matembezi, zile meli kubwa zinazobeba watu wa kupumzika baharini. Hawakusoma kazi ya kutengeneza meli. Kuko wanafunzi, kuko madereva, kuko walimu, kuko wazee wa retrete. Mwenye kaye ya karo anachora kwa kreyo. Mwenye ordinatere anatumia programu kama SketchUp, ao anajenga meli yake kipande kwa kipande mu muchezo wa Minecraft. Kila mumoja anaipa meli yake jina, anahesabu kabini, anachora kila etaji sawa vile unaiona kutoka juu, kisha anaonyesha wenzake, na wao wanamuambia pale alikosa. Karibu zote hazitagusa maji hata siku moja. Wenyewe wanajua, na wanaendelea.

Kati ya watu wenye ugonjwa huu wa meli, kuko mumoja ambaye kila familia ya mugodi ingepaswa kumujua. Jina lake François Zanella. Alikuwa mutumishi wa mugodi kama sisi: mugodi wa makala ya mawe, ku Lorraine, mashariki ya Ufaransa, karibu na mupaka wa Ujerumani. Alikaa Morsbach, ku Moselle, mbali na bahari. Akapenda meli moja, Majesty of the Seas, iliyotengenezwa ku shantiye ya Saint-Nazaire na kumalizika mwaka 1992. Ile meli ina urefu wa metre 268. Zanella akaamua kutengeneza ya kwake mu lupango ya nyumba yake, kwa kipimo cha moja juu ya nane. Metre 268, ukigawanya na 8, unapata metre 33 na nusu. Ni karibu basi kubwa tatu zikipangwa mustari mumoja, mu lupango ya mutu! Kazi ilipita miaka 10. Mwaka 2005 ile meli ikaingia mu maji, ikaanza kutembea ku mito na mifereji ya Ufaransa kwa motere zake, na watu ndani.

Sasa muangalie tarehe. Mu mwezi wa 4 wa mwaka 2004, mugodi wa mwisho wa makala ya mawe katika Ufaransa yote ulifungwa. Ni La Houve, ku Creutzwald, palepale Lorraine. Mwaka mumoja nyuma yake, meli ya muchimbaji ikashuka mu maji. Hatusemi kama meli ilirudisha kazi ya watu. Haikurudisha. Lakini mugodi ulikwisha, na ule mwanaume alikuwa angali na kitu mu mikono yake ambacho hakuna shefu alimuomba, na hakuna shefu angeweza kukifunga.

Sisi wa huku tunajua kufungwa kwa mugodi ni nini. Tunajua wazee ambao siku ya kupewa karatasi ya mwisho walirudi ku nyumba, wakakaa ku kiti mbele ya mulango, na hawakusimama tena. Njaa iliwapiga, na kukosa kitu cha kufanya kukawapiga nyuma yake. Miaka 30 mutu alitumika muzuri, lakini kila asubuhi mwingine njo alimuambia cha kufanya. Siku ule mwingine alinyamaza, muzee hakujua aanze wapi.

Mutu atasema: ule Mufaransa alinakili tu meli ya wengine. Tufanye hesabu, na muiite watoto wafanye pamoja nasi. Mulango wa meli kubwa una metre 2. Ugawanye na 8: unabakia santimetre 25. Ni mulango wa paka! Kitanda cha metre 2 kinakuwa cha mutoto wa kuchezea. Basi inje unaweza kunakili, lakini ndani hauwezi, juu mutu hapunguki mara nane. Ndani, Zanella alilazimika kufikiri mwenyewe: ngazi ipite wapi, kitanda kikae wapi, motere iwekwe wapi. Na kuko hesabu ingine nzuri: urefu ukipunguka mara 8, ukuta wa kupaka rangi unapunguka mara 64, na nafasi ya ndani inapunguka mara 512. Mwalimu anaweza kufundisha hii siku nzima ku ubao, watoto wanasinzia. Umuambie mutoto kama ni juu ya meli yake, hasinzii.

Tulijua hivi namna gani? Juu siku mbili nyuma tulirudia ile kaye. Tulibandika kurasa zilizopasuka, tukakaa na mutoto ku meza, na tukaanza kumuuliza maswali, bila kucheka safari hii.

Swali la kwanza lilikuwa juu ya pisini. Aliiweka kule juu kabisa, ku etaji ya 18: metre 20 kwa metre 10, urefu wa kwenda chini metre 1 na nusu. Tukamuambia: hesabu. Akapata metre kibe 300 za maji, maana yake tani 300. Mutu wa mugodi anaelewa tani 300: ni kamyo 10 za tani 30, zimejaa mawe, umezipandisha juu ya nyumba yenye kuelea. Mutoto akashangaa. Tukamufasiria kama wale wanaotengeneza meli za kweli wanatia uzito chini: motere, mazuti, maji. Vitu vya juu wanavifanya vyepesi. Alinyamaza, akafuta, akapunguza pisini, akaishusha etaji tano. Hakuna mutu alimupigia kelele. Meli yenyewe njo ilimuomba.

Swali la pili: wafanya kazi wanalala wapi? Alichora kabini 900 za wageni, na hata moja ya watumishi hakuna. Jiko pia hakuna, wala mahali pa kufulia mashuka, wala pa kutupa uchafu. Wengi wenye kuchora meli za ndoto wanaanza vile: pisini kwanza, jiko baadaye. Tukamupa mufano wa Icon of the Seas, meli kubwa ya matembezi iliyoanza kazi mwaka 2024. Ina urefu wa metre 365 na etaji 20. Inaweza kubeba wageni mpaka 7,600, na watumishi wao ni karibu 2,350. Jumla karibu watu 10,000, sawa kamuji kanatembea. Ku meli za namna hii, watumishi wengi wanalala ku etaji za chini, na kabini nyingi zao hazina dirisha. Mutoto wa mugodi haombi kufasiriwa maneno kama haya mara mbili. Kuko kartiye ya wakubwa na kuko kambi ya watumishi, anapita pale kila siku akienda ku masomo. Akauliza: «Mi naweza kuwatilia dirisha?» Tukamuambia: meli ni yako. Akawatilia dirisha, lakini hapo akapoteza kabini 60 za wageni, na sinema ikawa ndogo. Akalearni mwenyewe kama kila kitu chema unachompa mumoja kinatoka mahali fulani.

Swali la tatu njo lilikuwa nguvu: maji yakiingia, watu wanatokea wapi? Tulimupigia hadisi ya Titanic. Mwaka 1912 ilikuwa na watu karibu 2,200 ndani, na mitumbwi 20 ya kuokoa, yenye nafasi ya watu 1,178 tu. Watu karibu 1,500 walikufa. Ni nyuma ya kifo hicho inchi nyingi zilikutana London na kuandika, mwaka 1914, mapatano ya kwanza ya usalama wa watu ku bahari. Waliochora Titanic hawakuwa wajinga. Walihesabu vitu vingi sana. Lakini hesabu ya watu na nafasi za kuokoa haikuenda pamoja.

Hapo baba ya mutoto, ambaye alikuwa anasikiliza pa kando na telefone ku mukono, akasogeza kiti. Akaangalia ile kaye muda murefu. Akasema: «Ngazi moja haitoshi. Ku mine tunakuwaka na njia mbili. Moja ikiziba, unatokea ku ingine.» Akakamata biki, akachora ngazi ya pili, mbali na ya kwanza. Kisha akaendelea: hewa itaingia wapi kama moto ukiwaka? Nani anajua ni watu ngapi wako chini? Akamufasiria jeto, ile namba unayoacha ku mulango ukishuka, ili wa juu wajue nani hajapanda bado. Mutoto hakujua bile. Miaka 13 anakaa na baba yake mu nyumba moja, na ni siku ya kwanza anasikia kazi ya baba yake ni kazi ya akili.

Ndugu wasomaji, tunajua mutatujibu nini. Mutasema: ndoto haipiki bukari. Mutasema: kuko watoto ambao hata kaye hawana, wako ku mashimo, wanaosha mawe ku mutoni, na ninyi munatuletea hadisi ya meli. Mutakuwa na haki. Kuchora hakulipi minervali. Na hatuwadanganye: ule mutoto karibu hakika hatakuwa injenyere wa meli za matembezi.

Lakini angalieni namna sisi tunatumika. Mumoja anatoboa, mwingine anapakia, mwingine anachagua mawe, mwingine anaongoza kamyo. Kila mutu na kipande chake. Pla ya kazi yote iko ku biro, ku ukuta, na wengi wetu hatukuionaka. Mwisho tunazoea kufikiri kama kuona kitu chote kwa mara moja ni kazi ya watu wengine. Na ku shimo la kreseri ni mubaya zaidi: hakuna pla hata moja, kuko njia moja tu ya kuingia na kutoka, na siku udongo unashuka tunalia. Mutoto mwenye kujifunza kuuliza «watu wa chini watatokea wapi?» juu ya meli ya karatasi, kesho atauliza vile juu ya shimo la kweli, juu ya nyumba, juu ya masomo yenye mulango mumoja. Hatuna watu wengi wenye kuuliza vile. Njo sababu tunasema ile kaye ilikuwa kitu cha maana, na kuipasua ni hasara.

Mwingine atasema: hayo ni mambo ya Wazungu wenye pesa na nafasi. Basi kumbukeni Bodys Isek Kingelez. Mukongomani kabisa, alizaliwa mwaka 1948 ku Kimbembele Ihunga, mu Bandundu ya zamani, akafika Kinshasa akiwa kijana. Kwa karatasi, karto na kole alitengeneza manyumba na miji mizima ambayo hakuna mutu aliiona bado, na rangi zake, na mabarabara yake. Hakusoma kazi ya kuchora majengo. Alikufa mwaka 2015, na mwaka 2018 makumbusho makubwa ya New York, MoMA, yalionyesha kazi yake. Karto haina taifa.

Na meli ni mambo yetu. Mwezi wa 10 wa mwaka 2024, bato Merdi ilizama ku Ziwa Kivu, karibu na kufika Goma, ku porti ya Kituku. Ilijaa watu kupita kipimo, na watu makumi kwa makumi walikufa mbele ya macho ya wale waliokuja kuwapokea. Ku mito yetu na maziwa yetu, kila mwaka tunalia bile. Inchi yenye mito na maziwa sawa hii, itakosaje kuomba watoto wanaopenda kufikiri namna bato inasimama na namna mutu anatoka ndani yake?

Wala musifikiri kama meli kubwa ni lazima itoke ku watu wa pwani. Papenburg ni muji wa Ujerumani ulio ku muto Ems, ndani ya inchi, haugusi bahari. Shantiye yake ya Meyer inatengeneza meli kubwa za matembezi hata siku hizi. Shantiye hiyohiyo, mwaka 1913, ilitengeneza Graf von Goetzen, ikaifungua vipande vipande, ikaitia mu makesi karibu 5,000, na ile mizigo ikafika mpaka Kigoma. Wakaiunganisha, ikashuka ku Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tangu mwaka 1927 ikafanya kazi kwa jina la Liemba. Na elisi, ile panga ya nyuma yenye kusukuma meli, kwa meli kubwa inatengenezwa mara nyingi na bronzi, ambayo sehemu yake kubwa ni shaba. Waya nyingi za ndani ya meli, shaba pia. Shaba inatoka huku, inashuka ku bahari, inaingia ndani ya meli. Mutoto wa Kolwezi akichora meli, hachori kitu cha wageni.

Basi tunaomba nini? Vitu vidogo. Wazazi: kaye ya hesabu ibakie ya hesabu, hapo baba alikuwa na haki. Lakini mutafute kaye ingine, ao karatasi za upande mumoja mweupe zinazotupwa ku biro, na mumuambie mutoto: hii ni ya meli yako, lesoni kwanza. Kisha musimusifu bure. Mumuulize: uzito uko wapi, watumishi wanalala wapi, watu wanatokea wapi. Kama hamujui jibu, mutafute pamoja. Walimu: siku moja kwa mwezi, waacheni watoto walete michoro yao, meli ao nyumba ao treni, na muifanyie hesabu mbele ya klase. Wakubwa wa makampani: siku munafungua mulango kwa familia, musionyeshe mashini tu. Muonyeshe pla, ile ya ku ukuta, na muache mutoto aguse kwa kidole njia ambayo baba yake anapita.

Na ninyi wazee wa retrete, munaokaa ku kiti mbele ya mulango: kuko mutoto karibu nanyi mwenye kuchora kitu. Mumuite. Munajua mengi ambayo hakuna mutu aliwauliza.

Malkia wa Kolwezi sasa iko na etaji 14. Pisini ni moja, ndogo. Watumishi wana madirisha, ngazi ziko nne, na mitumbwi ya kuokoa inatosha watu wote. Tumehesabu sisi wenyewe, mara mbili. Jumapili iliyopita tulikuta baba na mutoto wanabishana ku meza, juu ya mulango wa chumba cha motere: ufunguke upande gani kama moshi umejaa. Bukari ilikuwa inapoa. Mama akawaita mara tatu.